Joto kazini: ubadilishe ratiba, uweke kivuli na maji, au ununue kofia na mataulo?

Kila mwaka ikifika Septemba na Oktoba huku Tabora, kabla mvua hazijaanza, mafundi na mabosi wadogo wenye vijana wa kazi wanarudi kwenye swali lile lile: hela ya kupambana na joto ni kidogo, niiweke wapi kwanza? Mmoja anakwambia anza kazi alfajiri mambo yaishe, mwingine anakwambia funga turubai weka maji ya kutosha, wa tatu kashanunua kofia za pama za gengi zima na anaona kamaliza. Wote watatu wana hoja, na wote watatu nimewaona wakikwama, kwa sababu hakuna aliyekaa chini kwanza akajiuliza joto la kazi yake linatoka wapi.

Maana joto la kazini lina vyanzo vitatu. Kuna la jua, hilo kila mtu analijua. Kuna la mwili wenyewe, misuli ikifanya kazi karibu robo tatu ya nguvu inayotumika inageuka joto, kwa hiyo mtu anayechimba mtaro anapata joto hata siku ya mawingu. Halafu kuna la moto, la tanuru la tofali, la bani la kukaushia tumbaku, la pipa la mawese. Fundi anayepaua ana la jua kutoka juu na la bati kutoka chini, anayeponda kokoto chini ya mwembe ana la mwili, mama anayechemsha mawese kule Kigoma ana la moto, na ukimpa huyo mama kofia ya pama utakuwa umemsaidia nini hasa?

Kwa hiyo kabla ya kulinganisha niweke vipimo wazi, kila njia nitaipitisha humo humo. Inagusa joto lipi kati ya hayo matatu. Inagharimu nini na nani analipa, kwa sababu ipo gharama ya bosi na ipo inayomdondokea kibarua kimyakimya. Kazi inarudi nyuma kiasi gani. Inaendelea au inakufa msimamizi akiondoka. Mwisho, inamfaa nani. Na kote humo uangalie jambo moja: watu wako wanalipwa kwa siku au kwa kipande? Anayelipwa kwa tofali au kwa gunia kila dakika ya kupumzika anaiona ni hela yake inapotea, na hapo ndipo mipango mingi mizuri inapofia.

KUBADILISHA RATIBA

Hapa naongelea kuanza mapema, kukata kazi mchana kwa masaa kadhaa, kisha kurudi jioni.

Joto inaloligusa ni la jua, na kwa hilo hakuna njia inayoifikia. Vile vipimo vya joto unavyosikia kwenye utabiri vinachukuliwa kivulini, ukisimama juani kabisa joto ambalo mwili unalihisi linaweza kupanda hadi nyuzi 8 zaidi. Na huku kwetu mwanzoni mwa Oktoba jua linapita utosini kabisa, linarudi tena kupita hapo mwanzoni mwa Machi, kwa hiyo kivuli cha ukuta mchana ni cha kutafuta. Kukwepa masaa yale ni kuondoa tatizo lenyewe, siyo kulipunguza makali.

Ila sasa saa zenyewe. Watu wengi wanakopi ratiba za Dar na hapo ndipo wanakosea. Kwa saa ya ukutani jua la Kigoma linachomoza karibu dakika 40 baada ya la Dar es Salaam, Tabora iko katikati hapo, dakika 25 hivi. Februari ukimwambia kijana wa Ujiji aripoti saa 12 asubuhi unamwambia aje gizani, maana jua linatoka saa moja ikiwa imeshapita. Na mchana vile vile, jua halifiki juu kabisa saa sita kamili, kwa Kigoma linafika karibu na saa saba, na hata likishaanza kushuka hewa inazidi kupata moto mpaka kwenye saa tisa. Saa ya chakula ya saiti nyingi ni saa sita mpaka saa saba, ambayo inatimiza sheria vizuri tu, Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 inataka mapumziko ya dakika 60 kwa anayefanya kazi zaidi ya masaa 5 mfululizo. Ila kwa upande wa joto umempumzisha mtu kabla ya masaa mabaya afu ukamrudisha katikati yake. Kama unaweza kukata saa moja tu basi bora isogezwe, ianze saa saba. Kama unaweza kukata ndefu, saa sita na nusu mpaka saa tisa na nusu ndiyo ninayoiona inafaa huku. Qatar tangu 2021 wamepiga marufuku kazi za nje kuanzia saa nne asubuhi mpaka saa tisa na nusu mchana, kuanzia 1 Juni mpaka 15 Septemba, lakini joto lao siyo letu, ukifunga saa nne Tabora hamna kazi itakayobaki.

Gharama kwa bosi inaonekana haipo, na mara nyingi kweli haipo, ila ukianza kabla ya saa 12 asubuhi kumbuka sheria hiyo hiyo inahesabu ni kazi ya usiku na kila saa hapo inadai nyongeza ya asilimia 5 ya mshahara wa msingi. Gharama kubwa inamwangukia kibarua. Yale masaa matatu ya katikati anaenda wapi? Anayekaa Ipuli akifanya kazi upande wa pili wa mji hawezi kurudi nyumbani na kuja tena, nauli imekula faida. Nimeona vijana wanaachiwa saa sita wapumzike, wanavuka barabara kwenda kupakua lori la mchanga, wanarudi saa tisa wamechoka kuliko walivyotoka. Wanawake nao, yule wa kuwaandaa watoto shule, ukimwita alfajiri umemwondolea usingizi, na mtu asiyelala vizuri joto linamshika haraka.

Kazi kurudi nyuma? Kwa ujenzi mara nyingi hairudi, tena zege linalomwagwa asubuhi linakuwa zuri kuliko la saa nane, lile la jua kali maji yanakimbia na nyufa zinakuja mapema. Shida ni slabu, ukishaanza kumwaga huwezi kusimama katikati kisa saa imefika, kwa hiyo siku ya slabu inapangwa peke yake.

Kusimamia ni rahisi, pengine rahisi kuliko zote. Saa ikifika saiti imefungwa, hakuna wa kubishana nae.

Inawafaa wajenzi, wapauaji, wachimba mitaro, wa mashambani ambao wala hawahitaji kufundishwa, mkulima wa Sikonge saa tano anakuwa keshanawa jembe. Warina asali nao, lile vazi la nyuki ni zito na limefunga kila upande, na kurina jioni au usiku ni desturi kwa wengi tangu zamani. Na kuna jambo la Ramadhani, miaka hii inaangukia Februari na Machi, aliyefunga huwezi kumpa maji mchana, kwake ratiba ndiyo karibu njia pekee uliyobaki nayo: kazi nzito asubuhi, nyepesi baadae, jioni aende zake mapema.

Haiwafai wale ambao jua au mzigo ndio unaopanga saa. Akina mama wa dagaa pale Katonga na Kibirizi, Kigoma, wanalihitaji hilo hilo jua la mchana, dagaa wasipogeuzwa wakakauka wanaoza. Makuli wa mwaloni, pale boti zinapotia nanga, wanapakia boti inapokuja, boti haiulizi saa.

KIVULI, MAJI NA MAPUMZIKO MAFUPI

Hii ndiyo inayogusa zaidi ya chanzo kimoja. Kivuli kinakata jua, mapumziko yanapunguza joto la misuli, maji yanarudisha jasho lililotoka ili mwili uendelee kujipoza. La moto inaligusa nusu, kwa maana ya kumtoa mtu pale kwa muda.

Lakini kivuli siyo kitu kimoja. Lile turubai la bluu la plastiki linalofungwa chini chini kwenye miti minne, ingia chini yake saa nane uone, limebana, hewa haipiti, na lenyewe linarudisha joto kichwani. Bati la peke yake ni hivyo hivyo. Mwembe unayashinda yote, na bahati nzuri Tabora na Ujiji miembe mikubwa haijatupita, iko mingi kuanzia enzi za njia ya misafara. Kama hamna mti, paa la nyasi au makuti, au shedi neti (wavu wa kivuli) iliyoinuliwa juu watu wakasimama wima na pande zikaachwa wazi. Muhimu kingine ni umbali, kivuli kikiwa kule getini na kazi iko ghorofani, mtu haendi.

Maji sasa. Mwongozo unaotumika sana kwa kazi za joto ni kikombe kimoja, kama mililita 240, kila dakika 15 mpaka 20, bila kungoja kiu. Ukipiga hesabu kwa gengi la watu 10 kwa masaa 8 unaongelea lita 60 mpaka karibu 80, yaani madumu matatu hadi manne ya lita 20. Sasa nenda saiti yoyote uangalie: ndoo moja ya bomba, imewekwa juani karibu na mchanga, kikombe kimoja cha plastiki kimefungwa kamba, saa tano imeshakauka na dogo aliyetumwa kujaza yuko kwenye kazi nyingine. Hapo msimamizi akiulizwa anasema maji tunaweka. Ndiyo mmeweka, ila ni ya asubuhi tu. Na kuzidisha nako kuna mwisho, zaidi ya lita 1.4 hivi kwa saa moja ni kuipunguza chumvi ya mwilini, hatari pia. Anayekula chakula chake cha kawaida chenye chumvi maji ya kawaida yanamtosha, ila kazi ikiwa ya jasho masaa mengi na watu wanakazwa na misuli, ORS, ile chumvi ya pakiti ya kurudisha maji mwilini, ipo duka la dawa, au lita moja ya maji safi, sukari vijiko vidogo 6 na chumvi nusu kijiko kidogo, vyote vya kusawazisha, visiwe vya mlima. Enaji na soda siyo maji. Na aliyeshinda kilabuni jana anaingia saiti mwili umeshapungukiwa maji, huyo mwangalie kwa karibu.

Kitu ambacho wanaume hatukifikirii ni choo. Wanawake wengi saitini hawanywi maji makusudi kwa sababu hamna pa kwenda. Unaweza kuweka madumu kumi, kama choo hakipo wao watashinda na kiu. Kwa hiyo kwenye bajeti ya maji ingiza na choo, hata cha kuzungushia magunia.

Gharama kwa bosi ni ya kila siku lakini ndogo ndogo: maji, mtu wa kujaza, vikombe vya kutosha. Mtungi wa udongo unapoza maji vizuri sana Tabora kipindi cha ukame kwa sababu hewa ni kavu, gunia lililolowa likizungushiwa dumu linafanya kazi ile ile. Kigoma ziwani kipindi cha mvua hewa imeshiba maji, mtungi haupozi sana, hapo utahitaji barafu au uridhike na maji ya uvuguvugu, ambayo bado ni bora kuliko kukosa.

Kazi kurudi nyuma, wengi wanaiogopa hii. Dakika tano tano kila nusu saa kwa karatasi ni nyingi. Kwa macho, ukweli ni kwamba mtu aliyechoka na joto anapumzika tu hata usipompa ruhusa, anazunguka kutafuta koleo, anaenda kukojoa na hana mkojo, anapiga tofali tatu alipokuwa anapiga tano. Binafsi naona hasara iko ndogo kuliko inavyoogopwa, ila kwa anayelipwa kwa kipande ni hasara kweli kweli, na hapo bila bosi kuamua kulipia zile dakika, au kuweka bei ya kipande inayozihesabu, njia hii haitakwenda. Huwezi kumwambia kuli apumzike kwa hela yake.

Kusimamia ni ngumu. Inataka mtu mwenye filimbi na mamlaka, kwa sababu hakuna kijana anayetaka kuwa wa kwanza kukaa chini mbele ya wenzake.

Inawafaa: makuli, waponda kokoto, akina mama wa dagaa (banda la nyasi kando ya chanja, wanaenda kugeuza kwa zamu wanarudi), na saiti yoyote ambayo ratiba haiwezi kuguswa. Haimfai sana mtu anayefanya kazi peke yake akizunguka, bodaboda au fundi wa nguzo, ambaye hana pa kuliweka hilo dumu.

MAVAZI NA VYA KUBEBA MWILINI

Kofia ya pama, shati jepesi la mikono mirefu, taulo la kulowesha la shingoni, kipande cha kitambaa cha kuning'iniza nyuma ya helmeti.

Inagusa la jua kwa kiasi, la mwili kidogo, la moto karibu sifuri. Inapunguza makali tu, haiondoi joto. Wale vijana wanaovaa sweta au jaketi juani wakisema jasho linawapoza, wana nusu ya ukweli, jasho linapoza likikauka, likibaki limelowa ndani ya sweta halifanyi kazi yoyote. Shati la pamba la mitumba, pana, rangi nyepesi, linashinda jezi ya nailoni ya mpira wa miguu inayobana. Riflekta nazo zile za plastiki nzito zinabana hewa, za wavu zipo na zinaonekana vile vile. Helmeti usiivue kisa joto, ongeza kitambaa cha shingo.

Taulo la maji ni zuri Tabora kabla ya mvua, linakauka haraka na linapokauka linachukua joto. Lipeleke Kigoma mwezi wa Machi baada ya mvua, saa nzima bado limelowa na limeshakuwa la moto, kinachosaidia hapo ni kulilowesha upya mara kwa mara.

Gharama unalipa mara moja, ndiyo maana mabosi wanaipenda, inapigwa picha, inaonekana. Na wengine wanakata kwenye mshahara wa kijana, hilo siyo sawa, kifaa cha kinga kwa sheria ya usalama na afya mahali pa kazi ya 2003 ni mzigo wa mwajiri.

Kazi hairudi nyuma kabisa, na hiyo ndiyo sifa yake kubwa. Usimamizi ni mdogo, ila baada ya wiki kofia nusu ziko nyumbani.

Inamfaa anayezunguka, bodaboda akiwa kijiweni, mchunga ng'ombe, mpima ardhi, mama mwenye beseni la samaki. Wa tumbaku muwe makini hapa. Wanaochuma majani yakiwa yamelowa umande au mvua, nikotini inapita kwenye ngozi na inaleta kichefuchefu, kizunguzungu na kichwa kuuma, dalili zinazofanana kabisa na za kuzidiwa na joto. Ukiwaambia wakunje mikono wapate hewa umewakinga na joto ukawaingiza kwenye sumu. Kwao nguo ndefu na glavu zinabaki, joto mlitafutie kwingine, kwenye kivuli na kupokezana.

LINALOINGIA KWENYE ZOTE TATU

Hata uchague nini, mtu mgeni kwenye joto hajazoea. Mwili unachukua wiki moja mpaka mbili kuzoea, na wengi wanaoanguka wanaanguka siku za kwanza kwanza. NIOSH, taasisi ya Marekani ya utafiti wa usalama na afya kazini, inashauri mpya kabisa aanze na asilimia 20 ya kazi siku ya kwanza, aongezewe 20 kila siku, na mzoefu aliyekuwa nje aanze na 50, kisha 60, 80, mpaka 100 siku ya nne. Kwa huku mpya ni nani? Ni mwanafunzi aliyemaliza kidato cha nne akaja kutafuta hela, ni aliyetoka kuugua malaria, ni wa mwaloni ziwa lilipofunguliwa. Ziwa Tanganyika 2024 uvuvi ulisimamishwa kuanzia 15 Mei mpaka 15 Agosti, watu walirudi kwenye mizigo na chanja mwili ukiwa umesahau jua, na ni wakati ambapo joto linaanza kupanda kuelekea Oktoba. Ukiwa na wa namna hiyo mpe kazi nyepesi kwanza, haigharimu kitu zaidi ya kumwona anafanya kidogo.

Na kuhusu malaria yenyewe, hapa kwetu kila anayeumwa kichwa na mwili kuchemka kazini anaambiwa kapime. Kupima ni sawa, lakini aliyezidiwa na joto akikalishwa foleni juani akingoja kipimo hali inazidi. Angalia mkojo wake kama ni wa rangi ya strungi, uliza amekunywa nini tangu asubuhi, mtoe juani kwanza, mlegeze nguo, mpe maji. Akianza kuongea ovyo, kutembea kama mlevi, kuanguka au kupoteza fahamu, hicho ni kiharusi cha joto, joto la ndani ya mwili limefika kwenye nyuzi 40 au limepita. Usingoje jasho likauke ndio uamini, wa kazi nzito anaweza kuwa bado anatoka jasho. Mmwagie maji mwili mzima papo hapo, mpepee, barafu kama ipo weka shingoni, kwapani na kwenye mapaja ya juu, huku usafiri unatafutwa, na njiani kuelekea hospitali mwendelee kumlowesha. Asiyejitambua asinyweshwe kitu.

UKIWA KWENYE HALI GANI UCHAGUE NINI

Saiti ya ujenzi, watu wanalipwa kwa siku, wengi wanakaa jirani: anza na ratiba, sogeza mapumziko yaanze saa sita na nusu au saa saba, dumu la maji liwepo lakini hela kubwa isiende kwenye turubai. Watu wakitoka mbali, ratiba ndefu ya kukatwa katikati itawaumiza, hapo chukua kivuli chenye sehemu ya kulala kabisa, mkeka na hewa, wapumzikie hapo hapo.

Kazi ya kipande, makuli na wapiga tofali: usipoteze muda kuhubiri mapumziko kabla hujagusa malipo. Ukishindwa kugusa malipo, weka maji karibu kabisa na njia wanayopita na mzigo, waweze kunywa wakirudi mikono mitupu, na kofia ziwepo. Siyo kamili lakini kitatumika.

Dagaa na vingine vinavyohitaji jua: banda la nyasi, zamu, kanga iliyolowa kichwani, na choo.

Tanuru, bani, mawese: hizi tatu nilizolinganisha hazitoshi. Weka bati la kukinga kati ya mtu na mdomo wa moto, acha upande wa upepo wazi, kuni zipangwe za kutosha ili asikae pale anachochea kila dakika, na mpokezane kwa muda mfupi mfupi. Uchomaji wenyewe ukiweza kuanza jioni ukakesha, moto wa usiku unamtesa mtu kidogo kuliko moto wa mchana unaojumlishwa na jua la saa nane, ila lipia ile asilimia 5.

Mwezi wa Ramadhani, gengi lenye waliofunga na wasiofunga: gawanyeni kazi kwa masaa na siyo kwa dini, nzito zote asubuhi kwa wote, maji yakae sehemu ambayo mnywaji hamkwazi aliyefunga, na aliyefunga akijisikia vibaya apewe ruhusa ya kwenda bila kukatwa siku.

Ukiwa peke yako, boda au fundi wa kuitwa: pama au kitambaa cha shingo chini ya helmeti, chupa ya lita moja na nusu ijazwe kila unapokuta bomba, kazi za juu ya bati upange asubuhi, na mwambie mtu mmoja unaenda kufanya kazi wapi na utamaliza saa ngapi, ili saa hiyo ikipita akupigie.